Taka Zina Njia Zake

Mtoto akiuliza, "Mama, kopo hili linakwenda wapi?" tusimjibu, "Tupa huko!" Tumwonyeshe. Maganda ya ndizi huenda shimoni, yakaoza, yakawa mbolea ya mboga. Tairi kuukuu huenda kwa fundi, likawa makatambuga. Sufuria zilizotoboka huyeyushwa, zikawa sufuria mpya. Chupa ya soda ya kioo hurudi dukani, ikapelekwa kiwandani kuoshwa na kujazwa tena.

Lakini kopo la dawa ya pamba, hapana! Hata tukiliosha, sumu hubaki. Si la kuchezea, wala si la kutekea maji. Mtoto akiliona asiliguse, atuite. Sisi wakubwa tulitoboe, lisitumike tena. Tuanze leo: mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.