Je, Wajua? Mandari Penye Fukuto

Mwezi wa Julai, Nairobi hujifunika blanketi na Dar es Salaam hupumua kwa upepo wa kusi. Huko Marekani shule zimefungwa, na familia zimepanga foleni juani Orlando, Florida, ili watoto wapande magari ya reli za kupinda na kupinduka. Siku hizi foleni hizo zina wazungumzaji wa Kiswahili wa kutoka Minnesota na Texas, pamoja na bibi aliyepandishwa ndege kuja kuwaona wajukuu. Haya ni ya kuwasomea wakati wa kufunga mizigo.

Adhuhuri ya saa saba na nusu

Je, wajua kwamba majira ya joto, jua la Orlando hufika utosini karibu saa saba na nusu mchana? Tangu Machi hadi Novemba saa za Florida husogezwa mbele kwa saa moja, na mji wenyewe uko magharibi ya mstari unaotumika kupimia saa zake. Waislamu wa huko wanalijua hilo kutokana na ratiba ya sala. Wageni wengi hawalijui. Hupanga kukwepa jua la saa sita, wakaingia mgahawani, wakala taratibu, kisha wakatoka wakati jua ndiyo kwanza limesimama wima. Joto lenyewe hufika kilele baadaye zaidi, saa tisa au saa kumi, kwa kuwa ardhi huchelewa kupata moto. Kwa hiyo anayetaka kurudi hotelini kulala aondoke saa sita na arejee jioni. Asubuhi, tangu milango inapofunguliwa, ndiyo saa za kupanda vyombo vilivyo uwanjani bila paa.

Namba mbili za joto

Redio ikitangaza 92 usishtuke: Wamarekani hupima kwa Farenihaiti, na 92 yao ni nyuzi 33 za Selsiasi, joto ambalo mtu wa Tanga au Mombasa hatalikimbia kwa kulisikia tu. Kinachomwangusha mtu Florida ni mvuke. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Lita moja ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na nishati ya kilojuli 2,400 hivi. Hewa iliyokwisha kushiba mvuke hailipokei, basi jasho hutiririka hadi kwenye soksi na halijafanya kazi yoyote.

Ndiyo maana watabiri wa hali ya hewa wa Marekani hutangaza namba ya pili, ya joto linavyohisiwa mwilini. Nyuzi 32 zikikutana na unyevu wa asilimia 70 huhisiwa kama nyuzi 41 hivi. Aliyeweka msingi wa hesabu hiyo, mwaka 1979, ni Robert Steadman, na jambo ambalo watu husahau ni kwamba alimpigia hesabu mtu aliye kivulini. Kwenye jua kali unaweza kuongeza hadi nyuzi 8 nyingine. Foleni nyingi za bustani za Disney huko Orlando zina paa na feni. Mbele ya kasri la Cinderella, ambako kila familia lazima isimame ipigwe picha, hakuna paa.

Kuzaliwa Pwani hakukingi

Shemeji aliyekulia Malindi atasema joto si neno kwake, amelizoea. Amelizoea lini? Mwili hujifunza joto kwa wiki moja hadi mbili: damu huongezeka maji, jasho huanza kutoka mapema, tena likiwa na chumvi kidogo kuliko awali. Mafunzo hayo hupotea baada ya wiki chache za kukaa penye baridi. Aliyeishi Minneapolis miaka kumi huteremka Orlando akiwa sawa na jirani yake Mmarekani, na kama kuna tofauti, ni kwamba jirani amekumbuka kofia. Likizo ya siku tano huisha kabla mwili haujamaliza somo, kwa hiyo siku mbili za mwanzo zisiwe za kukimbilia kila kitu.

Daktari wa barafu

Zaidi ya miaka mia moja kabla ya Disney kufika Florida, jimbo hilo lilikuwa na daktari aliyetaka kulipoza. John Gorrie alifanya kazi Apalachicola, bandari ya pamba kwenye Ghuba ya Mexico, katika miaka ya 1830 na 1840, malaria na homa ya manjano zikiwafagia watu. Hakuna aliyejua bado kwamba mbu ndiye mwenye hatia. Gorrie, kama madaktari wenzake, alilaumu hewa mbaya ya kinamasi, akaona tiba ni kuibadili hewa ya chumba cha mgonjwa. Akaning'iniza beseni la barafu darini, ubaridi ukashuka hadi kitandani.

Barafu yenyewe ilikatwa kwenye maziwa ya kaskazini wakati wa baridi na kuletwa kwa meli, na meli ikichelewa, mgonjwa hana chake. Gorrie akaamua kuitengeneza. Mashine yake ilibana hewa, ikaipoza kwa maji, kisha ikaiachia itanuke. Hewa inapotanuka ghafla hunyonya joto la kilicho karibu nayo, na hapo maji yakaganda. Mwaka 1851 alipata hataza namba 8080 ya Marekani. Wenye fedha hawakujitokeza, wengine wakamdhihaki, naye akafa mwaka 1855 bila kuona faida ya jasho lake. Kuhusu chanzo cha homa alikosea kabisa, lakini wazo la kupoza chumba kwa mashine limeishi. Kila jimbo la Marekani huwakilishwa na sanamu mbili katika jengo la Bunge mjini Washington, na mwaka 1914 Florida ilimpeleka huko mtengeneza barafu wake. Naisifu kwa uamuzi huo, kwa sababu bila kiyoyozi sidhani kama kuna tajiri ambaye angekubali kujenga mji wa starehe juu ya kinamasi.

Kiyoyozi cha kisasa, kwa njia, hakikuanza kwa ajili ya binadamu. Willis Carrier alikibuni mwaka 1902 kwa kiwanda cha uchapaji cha Brooklyn, ambako unyevu wa hewa uliifanya karatasi itanuke na kusinyaa, rangi zisikae mahali pake. Adui wake alikuwa yuleyule mvuke.

Siku ya kwanza ilikuwa mbaya zaidi

Disneyland ya California ilifunguliwa Jumapili ya tarehe 17 Julai 1955, joto likiwa nyuzi 38 hivi. Watu walikuja wengi kuliko walioalikwa, maana tiketi za kughushi zilizagaa. Lami ilikuwa imemwagwa muda mfupi tu kabla ya sherehe na haijakaza, visigino vya akina mama vikazama ndani yake. Kibaya zaidi, mafundi bomba walikuwa wametoka kwenye mgomo, na muda haukutosha kukamilisha mabomba yote. Walt Disney ilibidi achague, ama mifereji ya maji ya kunywa ifanye kazi, ama vyoo. Akachagua vyoo. Wageni waliokauka koo wakaamini ni hila ya kuwalazimisha kununua soda.

Leo katika viwanja vya Disney vya Orlando, kaunta yoyote ya vyakula vya haraka yenye mashine ya soda hukupa bilauri ya maji ya barafu bure, hata kama hununui kitu. Familia ya watu sita ikilijua hilo huokoa fedha nyingi.

Maji yamekuwepo tangu zamani

Paul Boyton alivuka mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza mwaka 1875 akielea ndani ya suti ya mpira na kujisukuma kwa kasia. Miaka 20 baadaye akafungua Sea Lion Park huko Coney Island, New York, ambayo mara nyingi hutajwa kuwa bustani ya kwanza ya burudani iliyozungushiwa uzio na kutoza kiingilio. Kivutio chake kikubwa kilikuwa mashua bapa iliyoporomoka kwenye mteremko na kutumbukia majini. Watu wa New York walikuwa wakilikimbia joto la mji wao, na aliyewalowesha walimlipa kwa furaha. Safari za magogo yanayoelea, ambazo leo zipo karibu kila bustani kubwa, zilianza Six Flags ya Texas mwaka 1963. Na Blizzard Beach, bwawa la michezo ambalo Disney ilifungua Orlando mwaka 1995, lilijengwa juu ya hekaya ya theluji iliyoanguka Florida, watu wakajenga haraka mahali pa kuteleza, kisha jua likaiyeyusha yote. Theluji iliwahi kuonekana kweli hata Miami, Januari 1977.

Kanga juu ya kigari cha mtoto

Mama anapoona jua linamchoma mtoto aliyelala kwenye kigari, hufunika kwa kanga. Kivuli kinapatikana, lakini hewa inafungiwa ndani. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walipima wakakuta kitambaa kikavu kinapandisha joto la ndani kwa zaidi ya nyuzi 2. Kitambaa chembamba kilicholoweshwa maji na kusaidiwa na kifeni kidogo kililishusha. Kwa hiyo kanga iende Florida, lakini ilowe, ilowe tena inapokauka, na upande mmoja ubaki wazi. Siku yenye mvuke mwingi nafuu itakuwa ndogo, sababu ni ileile ya jasho. Kumbuka pia kwamba mtoto kwenye kigari yuko karibu na lami kuliko wewe, na lami iliyokaa juani mchana kutwa inaweza kupita nyuzi 60.

Gari lililoegeshwa ni hatari kuliko yote hayo. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2005 ulionyesha kwamba ndani yake joto hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 kwa saa moja, sehemu kubwa ikiwa katika nusu saa ya kwanza. Kuacha kioo wazi kidogo hakukusaidia sana. Mtoto haachwi ndani ya gari hata kwa kwenda kuchukua tiketi.

Maji, chumvi na vidonge vya bibi

Dafu lina potasiamu nyingi, ilhali chumvi kubwa inayopotea kwenye jasho ni sodiamu. Kwa hiyo paketi za maji ya dafu zinazouzwa Marekani ni kinywaji kizuri, lakini anayetokwa jasho mchana kutwa anahitaji pia chakula chenye chumvi. Kunywa maji matupu kupita kiasi nako kuna hatari yake, maana huizimua chumvi ya damu. Bibi anayetumia vidonge vya presha vinavyomfanya akojoe mara kwa mara hupoteza maji upesi kuliko wengine, basi amwone daktari wake kabla ya safari. Mtu akianza kuongea mambo yasiyoeleweka, akipepesuka au kuzirai huku mwili unawaka moto, huo si uchovu. Piga 911, mwingize kivulini, mmwagie maji baridi bila kungoja.

Nguo nyeusi jangwani

Mwaka 1980 jarida la Nature lilichapisha utafiti kuhusu swali la kale: mbona Mabedui huvaa kanzu nyeusi jangwani? Jibu ni kwamba nyeusi hunasa joto zaidi kuliko nyeupe, lakini kanzu ikiwa pana, joto la ziada hupeperushwa na hewa inayopita chini yake kabla halijafika kwenye ngozi. Aliyevaa buibui pana asibabaishwe na aliyebanwa na suruali ya jinzi.

Waarabu waliingiza bustani ndani

Katika nchi za Kiarabu za Ghuba hawakutaka kubishana na jua. Ferrari World ya Abu Dhabi, iliyofunguliwa mwaka 2010, imelala chini ya paa jekundu la mita za mraba 200,000 hivi, na jirani yake Warner Bros. World, ya mwaka 2018, nayo iko ndani. Mabwawa mengi ya hoteli za Dubai hupozwa kwa mashine wakati wa kiangazi, na Global Village, soko la maonyesho linalopendwa na wageni kutoka kwetu, hufungwa kabisa miezi hiyo. Sheria ya Falme za Kiarabu inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu na saa tisa mchana, tangu 15 Juni hadi 15 Septemba. Mei 2025 Disney yenyewe ilitangaza kwamba bustani yake inayofuata itajengwa hukohuko Abu Dhabi.

Radi za alasiri

Florida ni rasi, ina bahari pande tatu. Mchana, ardhi inapowaka, upepo wa Atlantiki huingia kutoka mashariki na wa Ghuba ya Mexico kutoka magharibi. Mara nyingi pepo hizo hukutana katikati, hewa yenye mvuke ikapanda juu, na alasiri mawingu yakapasuka kwa radi. Radi ikikaribia, vyombo vya uwanjani husimamishwa, na familia nyingi hukimbilia magari yao na kwenda zao. Mvua aghalabu huisha ndani ya saa moja. Waliojificha dukani wakiwa na koti jepesi la plastiki hutoka na kukuta joto limeshuka, foleni zimepungua, na fataki za usiku bado hazijapigwa.