Usiloweke Pete Mpya kwenye Mafuta

Msimu wa harusi ukikaribia, swali ni lile lile, litoke Maua, Makutano pale Meru au Runyenjes kule Embu: "Fundi, nimenunua pete, nikaimulika kwa tochi ya simu, nikaona mistari ndani ya jiwe. Niiloweke kwa mafuta gani?" Wengi hawaulizi tena kama waloweke au wasiloweke. Wameshaamua, wanachotaka ni kuchaguliwa kati ya mafuta ya nazi na ya alizeti. Nimelijibu swali hili kwa mtu mmoja mmoja mpaka basi. Leo nalijibu kwa wote: usiloweke kwa mafuta yoyote.

Dawa hii imeenea kwa kuwa macho huiona kana kwamba inafanya kazi. Ukiitoa pete asubuhi, mstari umefifia kweli. Sababu ni hii: ufa uliofika kwenye uso wa jiwe umejaa hewa. Mwanga unaosafiri ndani ya zumaridi ukikutana na hewa hiyo hurudishwa nyuma, nawe unaona mstari mweupe unaong'aa. Kipimo cha upindaji wa mwanga cha zumaridi ni takriban 1.58, cha hewa ni 1.00, na cha mafuta ya kupikia ni karibu 1.47. Mafuta yakipenya, tofauti inashuka kutoka 0.58 hadi 0.11, na mwanga unapita bila kurudishwa sana. Umefanya kile maji ya mvua yanachokifanya kwa kioo cha dirisha chenye ufa: umeuficha. Urefu wake ni ule ule na udhaifu wake ni ule ule. Kwa yakuti, ambayo kipimo chake ni takriban 1.76, hata huko kuficha hakukamiliki.

Sasa fuatilia kinachotokea baadaye. Mwenye pete anaosha sufuria kwa maji moto na sabuni. Mafuta yanatoka upande mmoja na kubaki upande mwingine, na mstari unarudi vipande vipande. Yale yaliyobaki yanashika oksijeni, yanakuwa mazito, yanageuka manjano na kunasa vumbi. Ufa uliokuwa mweupe na mwembamba sasa ni doa la kahawia, na kulitoa doa hilo ni kazi ngumu kuliko tatizo lenyewe. Hakuna mafuta yanayounga fuwele iliyopasuka. Hayapo.

Hapo ndipo ninapoambiwa kwamba hata zumaridi za Colombia na Zambia hutiwa mafuta. Ni kweli. Hutiwa kabla ya kuuzwa, baada ya nyufa kusafishwa, mara nyingi mafuta ya mwerezi yakiingizwa ndani ya chombo kilichoondolewa hewa, na muuzaji mwaminifu husema hivyo wazi na cheti huonyesha. Bakuli la mafuta ya chapati haliko kwenye kazi hiyo. Tena linakuharibia ushahidi. Pete ikishalowa, anayeipima atakuta mafuta ndani ya ufa na hataweza kusema kwa urahisi nani aliyeyatia, muuzaji au wewe.

Wanaotangulia kuisafisha kwa limau hunitia hofu zaidi. Tangu mwaka 2004 soko la dunia limejaa rubi hafifu ambazo nyufa zake zimezibwa kwa kioo chenye risasi. Ukizitazama kwa lenzi ya kukuza mara 10, unaona viputo vya duara na miali ya buluu inayotokea na kupotea unapoligeuza jiwe. Asidi ya limau hula kioo hicho. Jiwe linaingia jekundu na kutoka na mishipa myeupe juu yake, na hakuna sonara wa kulirudisha.

Chanzo cha haya yote ni imani kwamba jiwe la kweli lazima liwe safi kama maji. Si kweli. Rubi za Mangare kule Taita Taveta, na yakuti za buluu, kijani na manjano za Garba Tula, ng'ambo ya Kinna ukitokea Maua, ziliumbika ndani ya miamba, nazo hubeba vipande vidogo vya madini mengine na mistari ya rangi. Zumaridi isiyo na alama ni adimu sana. Tsavoraiti, ambayo Campbell Bridges aliigundua Tanzania mwaka 1967 kabla ya kuipata Kenya, kwa kawaida haitiwi dawa yoyote, basi alama zake ni zile ilizotoka nazo ardhini. Akwamarini ndiyo ambayo huwa safi, kwa hiyo nyufa nyingi ndani yake ni sababu ya kuhoji bei. Rubi kubwa, safi kabisa na ya bei ya chini ndiyo ya kutilia shaka.

Kwa hiyo fanya hivi. Alama ikiwa ndani kabisa na haifiki kwenye uso, iache, vaa pete yako. Ukucha ukikwama juu ya jiwe, au ufa ukiwa karibu na kikucha cha pete, usiivae. Jiwe likicheza, sonara akaze vikucha, au alizungushie ukingo wa dhahabu au fedha. Kuchonga upya kunawezekana, ila jiwe litapungua uzito. Osha kwa maji vuguvugu, sabuni laini ya vyombo na mswaki laini, na kataa mashine ya mtetemo kwa jiwe lenye nyufa. Ukitilia shaka jiwe la bei kubwa, lipeleke kwa mtaalamu wa vito Nairobi kabla halijaguswa na fundi. Usipolipenda, lirudishe mapema au omba upunguziwe bei. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 31, inataka bidhaa ilingane na maelezo yake, lakini haikulindi kwa kasoro uliyopaswa kuiona ulipoikagua. Kwa hiyo kagua kabla ya kulipa, na risiti iandike jina la jiwe, uzito wake na kama limetiwa dawa.

Pete inayokutia wasiwasi irudi dukani ikiwa kavu, jinsi ulivyoinunua, pamoja na risiti hiyo.