Asili ya Majina ya Kihindu: Dhruva

Dhruva ni jina la kiume la Kisanskriti, lenye maana ya kilichotulia mahali pake, kisichoyumba wala kusogea. Wasemaji wa Kihindi na Kigujarati huiangusha irabu ya mwisho wakasema Dhruv.

Umaarufu wake umetokana na kisa kilichomo katika Vishnu Purana, na kwa urefu zaidi katika kitabu cha nne cha Bhagavata Purana. Mfalme Uttanapada alikuwa na wake wawili. Suniti alimzaa Dhruva. Suruchi, kipenzi cha mfalme, alimzaa Uttama. Dhruva alipokuwa na miaka mitano alimkuta baba yake amempakata Uttama, naye akataka kupanda mapajani. Mama wa kambo akamzuia, akimwambia kwamba nafasi ile ni ya aliyezaliwa na yeye Suruchi. Mfalme akanyamaza, na pengine kimya hicho kilimuuma mtoto kuliko maneno ya mama wa kambo. Dhruva akaondoka kwenda msitu wa Madhuvana, kando ya mto Yamuna. Mwenye hekima Narada alimfundisha namna ya kumwomba Vishnu, naye akadumu katika kufunga na kutafakari hadi mungu huyo akamtokea. Alipewa ufalme wa baba yake, na baada ya maisha ya duniani makao ambayo nyota zote huyazunguka.

Makao hayo ni nyota ya kaskazini, ambayo manahodha wa mwambao waliijua kwa jina la jaa. Kwa kweli hata nyota hiyo hupokezana zamu: mhimili wa dunia huyumba kwa mzunguko wa miaka 26,000 hivi, na mnamo 2800 KK iliyokaa karibu na ncha ya kaskazini ilikuwa Thuban, si Polaris ya leo. Katika ndoa za jadi, bibi harusi huonyeshwa Dhruva usiku ili awe imara katika nyumba yake mpya. Dar es Salaam, kusini mwa ikweta, nyota hiyo haionekani.

Manusmriti, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, inaelekeza mtoto apewe jina siku ya 10 au ya 12. Wagujarati wengi, wakiwemo wa Afrika Mashariki, hufanya hivyo siku ya sita, na mwenye haki ya kulitamka ni foi, yaani shangazi, dada wa baba. Hata hivyo shangazi hachagui apendavyo: mahali mwezi ulipokuwa wakati wa kuzaliwa ndipo panapotoa herufi ya mwanzo. Mtoto ambaye mwezi wake ulikuwa katika Dhanu, buruji ya Mshale, huangukia herufi kama bh na dh, na hapo Dhruv huwa miongoni mwa majina ya kwanza kufikiriwa.