Jina Alilozaliwa Nalo Aragorn

Msomaji wa The Lord of the Rings, hadithi ndefu aliyoitoa J. R. R. Tolkien huko Uingereza mwaka 1954 na 1955, humjua mfalme wake kwanza kwa lakabu ya dharau waliyompachika watu wa mji wa Bree, ambao walizoea kumwona akipita njia kwa hatua ndefu, nguo zimechakaa na matope yamemganda viatuni, wakamwita Strider, yaani Mpiga Hatua, wasijue kuwa hohehahe yule alikuwa na jina la nasaba lililositiriwa tangu utoto wake.

Jina hilo ni Aragorn. Babaye, Arathorn, aliuawa kwa mshale wa jichoni mtoto akiwa na miaka miwili, na mamaye Gilraen akamkimbiza nyumbani kwa Elrond, bwana wa Waelfi, ambako kwa kuhofia maadui aliitwa Estel, maana yake Tumaini, jina ambalo hata kwetu watoto hupewa. Alipotimu miaka 20 ndipo Elrond alipomfunulia jina lake la kuzaliwa, akamkabidhi na vipande vya upanga wa wazee wake.

Ama kiini cha jina kimo katika silabi mbili za mwanzo. Ara- ni alama ya ufalme katika Kisindarini, mojawapo ya lugha alizozibuni Tolkien, wala haikutiwa pale kwa kupendeza sikio. Dola ya Arnor, ya wazee wa Aragorn, iligawanyika mafungu matatu kwa ugomvi wa ndugu. Kizazi cha Isildur, mfalme wake wa kale, kilipokatika katika mafungu mawili, wafalme wa Arthedain, fungu lililosalia, tangu Argeleb wa kwanza, walidai enzi ya Arnor yote, na dai lao wakalitia katika majina yao. Hata dola hiyo ilipoanguka na warithi wake wakawa wakuu wa watu wachache watangao nyikani, ara- haikuwatoka: Aranarth, Arahael, mpaka Aragorn, mkuu wa 16. Ni kama mtu aliyenyang'anywa shamba, ambaye hati yake bado ameifunga kitambaani, imo sandukuni, na kila mwana azaliwaye huonyeshwa.

Nusu ya pili ndiyo yenye taabu. Katika rasimu za nyongeza za kitabu, Tolkien alilifasiri jina zima kuwa Ushujaa wa Kifalme. Baadaye, katika maandiko yake ya lugha, likawa Mfalme Aheshimiwaye. Na katika barua ya mwaka 1972, mwaka mmoja kabla ya kufariki, alikana kwamba ndani yake mna neno lenye maana ya mti, akaungama kuwa majina kadha ya nasaba ile si mepesi kufasirika, maana kuyaeleza kungetaka lugha pana kuliko aliyowahi kuitunga. Ungamo hilo, kutoka kwa aliyekuwa profesa wa lugha huko Oxford, mimi nalithamini kuliko tafsiri zote mbili: sauti ilitangulia, maana ikaifuata nyuma ikitweta.

Katika rasimu zile zile za nyongeza, Ivorwen, bibi yake Aragorn, siku mtoto alipopewa jina, aliona jiwe la kijani kifuani pake, akasema kuwa jina lake la kweli litatoka humo. Ikawa hivyo: alitawala kwa jina la Elessar, Jiwe la Waelfi. Na ile lakabu ya watu wa Bree hakuitupa. Aliigeuza kwa lugha ya kale ikawa Telcontar, akaifanya jina la ukoo wake wa kifalme.