Injini ya Kisumu Ijengwe kwa Hewa ya Kisumu

Mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ya Marekani ilichukua injini kubwa ya silinda nane, yenye ujazo wa lita 6.4, ikaifunga ndani ya gari la ukubwa wa kati na kuliuza kwa jina la GTO. Hapo ndipo yalipopata umaarufu magari ya misuli: siku za kazi yanampeleka mwenyewe ofisini, mwishoni mwa wiki yanashindana kwenye mita 402 za lami iliyonyooka, yaani robo maili. Mpenzi wa magari ya zamani hapa Kisumu akitaka gari la kazi hizo mbili, kishawishi chake cha kwanza ni kuiga mapishi ya Wamarekani: kamshafti kali, kabureta kubwa, ekzosi pana. Naamini mapishi hayo yakiigwa hivyo hivyo yatamwangusha. Injini itakayomfaa ni ile iliyopimwa kwa hewa, joto na milima ya huku, hata kama orodha ya vipuri vyake haimvutii mtu.

Tuanze na hewa. Kisumu iko takriban mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Ingawa watu wa Nairobi huiona kama bondeni, kanieneo ya hewa hapa imepungua kwa karibu moja ya nane ikilinganishwa na ya Mombasa. Injini isiyo na turbo huvuta pumzi kwa kanieneo hiyo tu, kwa hiyo nguvu yake hupungua kwa kiasi kinachokaribia hicho kabla hata fundi hajaigusa. Ukipita Ahero ukamaliza uwanda wa Kano, barabara inaanza kupanda kuelekea Kericho. Na kule Timboroa, kwenye mita 2,700 na ushee, zaidi ya robo ya hewa imetoweka. Maji nayo huchemka yakiwa na nyuzijoto 96 hapa ziwani, na karibu 91 huko juu, ndiyo maana kifuniko cha rediata chenye springi iliyochoka huleta msiba mlimani. Kabureta iliyowekewa jeti za usawa wa bahari humwaga petroli kuliko hewa iliyopo, plagi zinakuwa nyeusi, na petroli isiyoungua huosha oili kwenye kuta za silinda.

Kamshafti kali huongeza balaa juu ya hayo. Kwa kuwa huacha valvu wazi kwa muda mrefu, injini hupumua vizuri ikizunguka kwa kasi sana, lakini mizunguko ikiwa michache sehemu ya hewa iliyoingia hurudishwa ilikotoka. Penye hewa nyepesi tayari, hasara hiyo haivumiliki. Gari litakuwa zito kuondoka kwenye mstari, na litakufa kabisa kwenye mlima likiwa na abiria wanne. Busara iko upande wa pili: kamshafti ya kiasi, jeti ndogo zaidi, na uwiano wa mgandamizo ulioinuliwa kidogo, kwa sababu silinda isiyojaa sawasawa inaweza kubanwa zaidi bila petroli kugonga.

Mfano ulio karibu ni Peugeot 504, gari lililounganishwa Kenya kwa miaka mingi na kubeba abiria wa Nyanza kwenda Nairobi enzi za matatu za Peugeot. Injini yake ya cc 1,971 haikufika hata farasi 100 ilipotoka kiwandani na kabureta, lakini maumbile yake yanastahili heshima. Block ni ya chuma cha kalibu, hedi ni ya aluminiamu, valvu zinasukumwa kwa fimbo, na vyumba vya kuunguzia vina umbo la nusu tufe, umbo lile lile lililoipa Hemi ya Chrysler jina lake. Mwaka 1975 Ove Andersson alishinda Safari Rally kwa gari la ukoo huu. Kwa kuwa petroli yenye risasi iliondolewa sokoni kufikia 2006, hedi ya zamani ikaguliwe viti vya valvu za ekzosi, na vikiwa laini vibadilishwe.

Lakini 504 inafundisha zaidi kwenye slivu zake. Slivu hizo huzungukwa na maji moja kwa moja, kila moja ikikalia pete yake chini ya block, na huweza kutolewa na kurudishwa mpya pamoja na pistoni bila kuchonga block. Urahisi huo ndio mtego. Sehemu ya juu ya kila slivu lazima ichomoze juu ya uso wa block kwa sehemu chache za mia za milimita, na zote nne zilingane. Moja ikizama kuliko jirani zake, gasketi haitashikwa sawasawa, maji yatapita, na oili itageuka rangi ya chai ya maziwa. Tena hedi ikishatolewa, krankshafti isizungushwe kabla slivu hazijabanwa kwa boliti, maana pistoni zitazinyanyua na uchafu utaingia chini yake. Fundi mwenye geji ya mshale atayabaini haya kwa dakika chache. Asiye nayo atakisia kwa kucha, na hakuna kamshafti ya ng'ambo itakayomwokoa mteja wake.

Huenda mtu akasema vipimo vya namna hiyo ni vya Ulaya, si vya jua kali. Historia ya mji huu inasema vingine. Meli iitwayo William Mackinnon ililetwa ziwani vipande vipande na kuelea mwaka 1900, kabla reli yenyewe haijafika. Meli nyingine, Victoria, iliyoundwa Scotland, iliunganishwa upya Kisumu na kuanza safari mwaka 1961. Meli haiunganishwi kwa kukisia. Joginder Singh naye, mzaliwa wa Kericho, alikuwa fundi kabla hajawa bingwa wa Safari Rally. Mwaka 1965 alishinda Safari akiwa na nduguye Jaswant katika Volvo PV544 iliyokuwa imeshatumika, akiyashinda magari mapya ya kampuni kubwa. Alijua kila boliti ya gari lake.

Pingamizi zito zaidi ni la turbo. Kwa nini usichukue injini ya Subaru iliyotumika Japani? Turbo hurudisha hewa iliyopotea, na kwenye mita 402 itaiacha 504 mbali. Hilo ni kweli, na anayetaka muda mfupi tu kwenye saa aifuate njia hiyo. Ila shafti ya 504 imefungwa ndani ya bomba linalounganisha giaboksi na difu, hivyo kubadilisha injini ni kukata gari, kisha difu na breki nazo zitadai zamu yao. Kinachobaki si gari la zamani tena. Wala mbadala hauji kirahisi kutoka nje, kwani Kenya hairuhusu kwa kawaida kuingiza gari lililotumika likiwa na zaidi ya miaka minane, wala kusajili lenye usukani wa kushoto. Yaliyopo ndiyo tuliyo nayo. Wengine watauliza itakuwaje mgandamizo ulioinuliwa ukishushwa Mombasa. Utagonga, ndiyo, usiporudisha taimingi nyuma nyuzi chache kwenye distributa. Kazi hiyo haimalizi nusu saa, na haimpasi mtu kuendesha mwaka mzima injini iliyowekwa kwa ajili ya safari moja ya pwani.

Mwenye gari asiipokee kazi ya fundi kwa kusikiliza mngurumo uani. Injini ikishalainika, ipande Kericho mchana wa jua na mzigo kamili, irudi, ipoe, kisha mgandamizo wa kila silinda upimwe na kuandikwa. Namba nne zikikaribiana na maji hayajapungua kwenye rediata, ndipo itafutwe lami iliyofungwa kwa kibali, mbali na waendao kwa miguu na bodaboda, na saa ianze kuhesabu.