Paula Radcliffe: mwanamke aliyekimbia mbele

Paula Radcliffe wa Uingereza alishikilia rekodi ya dunia ya marathoni ya wanawake kwa miaka 17, kuanzia 2002 hadi 2019. Alizaliwa Desemba 17, 1973, katika jimbo la Cheshire. Baba yake alikuwa akikimbia marathoni kwa kujifurahisha, na binti alianza kukimbia akiwa mdogo. Familia ilipohamia Bedford alijiunga na klabu ya riadha ya mji huo, akawa chini ya kocha Alex Stanton, aliyemnoa kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya riadha. Akiwa na umri wa miaka 14 aligundulika kuwa na pumu, maradhi ambayo ameishi nayo tangu wakati huo.

Dunia ilianza kumjua mwaka 1992 mjini Boston, Marekani, aliposhinda mbio za nyika za dunia za vijana kwenye njia iliyojaa theluji. Aliyeshika nafasi ya pili ni Wang Junxia wa China, ambaye mwaka uliofuata alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000.

Uwanjani mambo hayakumwendea kwa wepisi. Radcliffe alikuwa na pumzi ya kukimbia kwa kasi ileile kwa muda mrefu, lakini hakujaliwa mbio za kufyatuka kwenye mzunguko wa mwisho. Dawa aliyoijua ilikuwa moja: kukaa mbele na kuwachosha wenzake. Katika Olimpiki ya Sydney, mwaka 2000, aliongoza karibu mbio zote za mita 10,000. Mwishoni Derartu Tulu, Gete Wami na Fernanda Ribeiro walimpita, na akamaliza wa nne bila medali. Watazamaji walimtambua kutoka mbali, maana kichwa chake kilinesa mbele na nyuma kwa kila hatua, na kadiri alivyochoka ndivyo kilivyozidi kunesa.

Marathoni ndiyo iliyoufanya udhaifu huo usiwe na maana, kwa kuwa katika kilometa 42.195 anayeweza kushikilia kasi kali tangu mwanzo hahitaji kusubiri mita 400 za mwisho. Aprili 2002 alikimbia marathoni yake ya kwanza, London, akashinda kwa saa 2:18:56. Oktoba mwaka huohuo, Chicago, alikimbia kwa saa 2:17:18 na kuivunja rekodi ya Mkenya Catherine Ndereba ya saa 2:18:47.

Aprili 13, 2003, alirudi London. Waandaaji waliwaweka wanaume wamsindikize kwa kasi, ingawa yeye alikimbia sambamba nao badala ya kujificha nyuma ya migongo yao. Nusu ya kwanza aliikamilisha kwa dakika 68 na sekunde 2, ya pili kwa dakika 67 na sekunde 23. Alimaliza kwa saa 2:15:25. Uzito wa muda huo unaonekana vizuri zaidi ukimtazama aliyemfuata. Wakati huo ni wanawake watatu tu waliokuwa wamewahi kumaliza chini ya saa 2 na dakika 20, na Ndereba alikuwa mmoja wao. Siku hiyo Ndereba alikimbia kwa saa 2:19:55, muda ambao miaka michache tu nyuma ungekuwa rekodi ya dunia, na bado aliachwa kwa dakika nne na nusu.

Olimpiki ilibaki kuwa donda lake. Athens, mwaka 2004, alifika akiwa na jeraha la mguu, na dawa alizotumia kulitibu zilimvuruga tumbo. Katika joto la zaidi ya nyuzi 30 alisimama kandokando ya barabara, zikiwa zimebaki kilometa kama sita, akalia. Wapo waliomwita mtu wa kukata tamaa. Hawakumtendea haki: Novemba mwaka huohuo alishinda marathoni ya New York, akimtangulia Mkenya Susan Chepkemei kwa sekunde chache, na mwaka 2005 akawa bingwa wa dunia mjini Helsinki, Ndereba akiwa wa pili. Januari 2007 alijifungua mtoto wa kike, na Novemba akashinda tena New York.

Nje ya mbio alipigana waziwazi na dawa za kusisimua misuli. Katika mashindano ya dunia ya Edmonton, mwaka 2001, aliinua bango kwenye jukwaa la watazamaji kupinga kuruhusiwa kwa Mrusi Olga Yegorova, aliyekuwa amepimwa na kukutwa na dawa ya EPO. Ulikuwa ujasiri mkubwa, maana wanariadha wengi walinong'ona tu.

Aliaga marathoni London mwaka 2015. Rekodi yake ilidumu hadi Oktoba 13, 2019, pale Mkenya Brigid Kosgei alipokimbia kwa saa 2:14:04 Chicago, mji uleule na tarehe ileile ambayo Radcliffe aliweka rekodi yake ya kwanza. Kosgei alivaa viatu vya kizazi kipya, vyenye soli nene na bamba la kaboni, ambavyo havikuwapo enzi za Radcliffe. Radcliffe mwenyewe alikuwepo Chicago siku hiyo, na alimpongeza. Saa 2:15:25 imeendelea kuwa rekodi ya Uingereza.