Rangi ya kioo, rangi ya karatasi: nani abebe hasara?

Msanii wa Maposeni, mkoani Ruvuma, anayechora kwenye simu au kompyuta hana haja ya kwenda mbali kutafuta mchapaji. Peramiho ni jirani, na huko Wabenediktini, waliofika mwaka 1898, wana kiwanda cha uchapaji cha siku nyingi. Songea mjini nako kuna steshenari. Kinachomtoa jasho ni rangi.

Kioo hutengeneza rangi kwa mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mashine ya kuchapa hutumia wino wa samawati, majenta, njano na mweusi, nao haung'ai wenyewe; hupunguza tu mwanga unaorudi kutoka kwenye karatasi. Kwa hiyo zipo rangi za simu ambazo wino wa kawaida hauzifikii, fundi awe hodari vipi. Bluu kali kabisa, ile ya nyekundu 0, kijani 0 na bluu 255, ikichapwa huelekea zambarau. Kijani cha mahindi machanga hupooza, na karatasi isiyo na mng'ao, kwa kuwa hunywa wino, huzidi kukifubaza.

Mchoraji Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mkoani humu humu, aliuza ubao uleule aliopaka rangi. Mnunuzi aliondoka na alichokiona. Msanii wa kidijitali huuza kazi ambayo bado haijachapwa. Mteja akiikataa, karatasi na wino vimeshakwenda, na mara nyingi anayelipia ni msanii, mwenye mtaji mdogo kuliko wote. Hilo si haki.

Dawa yake haina gharama kubwa. Muungano wa kimataifa wa rangi, ICC, ulioanzishwa mwaka 1993, uliweka utaratibu wa faili za wasifu wa rangi, zinazoeleza mashine fulani na karatasi fulani zinaweza kutoa rangi zipi. Krita na GIMP, programu za bure, huweza kusoma faili hizo na kumwonyesha msanii mapema rangi zitakazopotea. Mchapaji anayetaka wateja wa kudumu ampe msanii wasifu huo bila kuombwa mara mbili.

Nawe msanii, punguza mwangaza wa kioo kabla ya kuchagua rangi. Kisha, kabla ya kulipia nakala 500, dai nakala moja ya majaribio kutoka mashine ileile na karatasi ileile, itazameni pamoja na mteja kwenye mwanga wa mchana, naye aisaini.